Niliziba Tundu la Bafuni, Nikamsingizia Jirani

Kosa ni langu. Sikulewa, wala sikusukumwa na mtu. Miaka hii yote watu wa mtaa wetu hapa Kisangani wanaamini uongo, na uongo huo niliupika mimi! Jina langu niachieni mwenyewe.

Nilikuwa karani, nikisubiri kadi ya évolué, ile waliyopewa Waafrika walioonekana wanaishi kama wazungu. Wakati ule, kabla ya kukupa kadi, tume ya Wabelgiji ilikuwa inakuja nyumbani kwako bila taarifa. Wanatazama kitanda, wanafungua kabati la vyombo, wananusa hata choo. Nikasema, mimi nitawamaliza! Nikanunua mtambo wa gesi wa kupasha maji ya kuoga kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao.

Jirani yangu, papa Antoine, alikuwa fundi wa mabomba. Aliufunga mtambo bafuni kwangu, kisha akatoboa tundu ukutani, upande wa uwanja wake.

"Hii tundu usiifunge hata siku moja, papa," akaniambia. "Moto ya gaz inakula hewa. Ukifunga, itakula yenu."

Lakini na yeye alikuwa anasubiri kadi! Kwa nini basi tundu litazame kwake? Mama yangu mzazi, tuliyeishi naye, alikuwa akioga na maganda ya miti kwa ajili ya magoti yake, huku akiwaita mababu kwa majina. Tume ikisikia hayo, kwaheri kadi. Nikawaza, huyu ananitega, anataka kusikiliza aende kutusema kwa tume. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikachukua koti kuukuu, nikaliziba tundu kwa ndani, nikashindilia vizuri. Sikumwambia hata mke wangu.

Haikupita wiki, mama akaanza kulalamika kila akitoka kuoga.

"Mutoto yangu, kichwa inaniuma. Tena roho inachafuka."

Akikaa nje kidogo, anapata nafuu. Je, niliwaza tundu? Wapi! Niliwaza ile pondu, mboga ya majani ya muhogo, aliyotuletea mke wa Antoine. Nikakataza chakula chao kisiingie kwangu. Kichwa cha mama kikazidi kuuma, nami nikasema, aa, sasa wameanza kumroga.

Mara mbili Antoine aliniuliza kutoka ng'ambo ya ua, "Papa, ile tundu iko wazi?"

Nikajisemea, anauliza kwa sababu hasikii tena! Nikamjibu, "Bien sûr, iko wazi."

Jumapili moja baada ya misa, mama aliingia kuoga, hakutoka. Nilivunja mlango. Alikuwa ameegemea ukuta, maji ya moto bado yanamwagika. Antoine alisikia kelele, akaruka ua, akafunga chupa ya gesi, akambeba mama hadi uani na kumpepea. Alikuwa ameshakufa.

Jamani! Wenzangu walipokuwa wanalia, mimi nilirudi bafuni nikalichomoa lile koti na kulificha. Kwenye matanga nikasema kwa sauti, mbele ya wote, "Mama yangu alikula chakula ya nyumba ile." Hayo tu. Mke wa Antoine akawa anatukanwa sokoni, watoto wake wakakosa wa kucheza nao. Mwishowe wakaamua kuhamia Bafwasende.

Siku ya kuondoka Antoine alikuja kwangu peke yake, kofia mkononi. Nilidhani amekuja kugombana.

"Papa," akasema, "nimeangalia tundu, iko wazi. Donc, ni kusema nilitoboa kidogo sana. Ni mimi niliua mama. Unisamehe."

Nami nikamjibu, "Nimekusamehe."

Mungu wangu! Nilimwambia hivyo, nikampa na mkono!

Kadi niliipata, na tume ililisifu bafu langu. Nilipopata ujasiri wa kumtafuta Antoine, niliambiwa ameshafariki, na kwamba tangu atoke huku hakuwahi tena kushika bomba la mtu.

Ninyi mnaowasha gesi ndani ya nyumba, acheni tundu la hewa wazi, hata kama linatazama kwa adui yenu. Na kichwa kikikuuma kila unapoiwasha, zima, fungua mlango, toka nje upate hewa. Mchawi utamtafuta baadaye.