Chatu wa Baba

Nilipokuwa mutoto kule Buyenzi, vita ilikuwa imeshaingia Bujumbura, na baba alikuwa anafuga chatu jike mu sanduku ya mbao nyuma ya jiko. Zamani alikuwa anamupeleka ku ziwa, wazungu wanapiga naye picha. Wazungu wakakimbia, chatu akabaki. Tumbo ikavimba, akakataa kula, mayai ikakataa kutoka.

Na mama alikuwa na mimba kubwa. Bibi, mama ya baba, akasema hawa wawili hawawezi kukaa uwanja moja.

"Yule amefungwa. Asipofunguka, na huyu hatajifungua."

Baba akacheka. "Kwani mama, chatu ni muke mwenza?"

"Cheka tu."

Uchungu ulimushika mama siku ya ville morte, siku zile vijana wanaweka mawe na matairi mu barabara na mutu hapiti. Bibi akafungua kila fundo ya nyumba: kamba ya nguo, vitenge, mpaka nywele zangu za kusukwa. Wapi. Mukunga, jirani yetu, akasema mutoto amelala vibaya, inafaa hospitali. Baba akaenda kuomba njia. Akarudi jicho imevimba.

Ndipo bibi akapiga kelele mu chumba: "Mufungue! Mufungue!"

Alikuwa anamuambia mukunga afungue uzi wa shanga ku kiuno ya mama. Lakini baba alifikiri anasema chatu. Yeye aliyecheka, akachukua nyundo, akavunja ile sanduku. Chatu hakutoka. Alikuwa amekufa, baridi, mayai yote ndani.

Mama alisikia nyundo. Akauliza, sauti kidogo: "Amefunguka?"

"Ndiyo," baba akasema ku mulango. "Amefunguka. Anaenda zake."

Mama akasukuma tena. Alasiri ilikuta amekufa, na mutoto ndani yake.

Mi nimejua kusoma nikiwa na watoto wangu. Kitabu ya kwanza nilimaliza peke yangu ilikuwa ya wanyama. Inasema nyoka akifungiwa mu nafasi ndogo, ya baridi, anaweza kushindwa kutaga. Nilirudia ile mustari na kidole, polepole. Juu ya mama hakukuwa kitu.

Bibi alikufa anasema ni chatu. Sikumubishia hata siku moja. Kama si chatu, basi ni wale vijana wa barabara, na wale tulikuwa tunawajua kwa majina. Mumoja ananiuzia mukate mpaka leo. Ananiita dada, na mi naitika.