Kitanda Juu ya Kahawa

Mchezo wenyewe aliuanzisha mama, nisije nikasinzia kazini. Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja huko Ruiru, na mimi, msichana mdogo, nilimsaidia kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia. Mama alichora mistari kwa kidole juu ya kahawa, mmoja mrefu, miwili mifupi, pengine pembetatu, kisha akauliza, "Haya, hiyo ni nini?" Kufuta hata mstari mmoja ilikuwa marufuku. Niliongeza yangu mpaka atokee mbuzi, au nyumba, au nyapara na tumbo lake. Tukacheka, tukavuruga, tukaendelea na kazi.

Siku hiyo mama hakuwepo. Baba alikuwa amechukuliwa na askari, na mtu alikuwa amemnong'oneza mama kwamba yuko Thika kambini, hali yake mbaya. Hakuna aliyetoka bila pasi, na mke wa mtu aliyeshikwa nani angempa pasi? Akaondoka kwa miguu, akifuata reli. Akikamatwa angefungwa na yeye, nami nibaki na cucu, mama yake baba, ambaye hata kuni hakuweza tena kubeba. Aliniachia neno moja: "Ukiulizwa, mimi naumwa, nimelala."

Jua lilikuwa limepanda homgadi alipokuja. Alikuwa kijana wa kijijini kwetu, na tangu serikali impe bunduki atuchunge alikuwa amejifunza kutembea polepole.

"Leo nani anakuchorea?" akauliza.

"Mama anaumwa. Amelala."

"Basi nitakuchorea mimi."

Akaegemeza bunduki mezani, akachora mstari mmoja mrefu na miwili mifupi ikiukata. Niliona reli, na mama juu yake. Nilikuwa na hakika kwamba hata homgadi anamwona, na kwamba nisipokizuia kidole changu kitamchora akitembea kuelekea Thika.

Nikairefusha ile miwili chini ikawa miguu ya kitanda. Juu yake nikamlaza mtu. "Huyu ni mama," nikasema, na kwa kitambo kidogo nilijiona mjanja kweli kweli.

Homgadi akainama. "Na huu mkanda kwenye paji la uso?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimemchorea mama kiondo mgongoni na mkanda wake kichwani, kama nilivyomchora siku zote, kwa sababu sikuwahi kumwona bila mzigo.

"Mgonjwa analala na kiondo?"

Nilijikojolea pale pale niliposimama.

"Twende tukamsalimie," akasema.

Nilitangulia mbele, bunduki ikinifuata nyuma. Tulipofika nyumbani, kigoda cha cucu karibu na moto kilikuwa kitupu. Kitandani kwa mama kulikuwa na mtu aliyejifunika gubigubi, anaguna. Nyayo zilikuwa zimetokeza nje ya blanketi. Zilikuwa za kizee, zimepasuka, na kidole kimoja kilikuwa kimepanda juu ya kingine. Homgadi aliziangalia zile nyayo kwa muda mrefu, na mimi nikasali kila sala niliyofundishwa kanisani, hata ile ya kushukuru chakula.

"Pole sana, mama," akasema, akarudishia mlango.

Mama alirudi kafyu ikikaribia. Alikuwa amemwona baba kwa mbali tu, ng'ambo ya seng'enge, na baba hakuweza kuinua mkono.

Asubuhi homgadi alitukuta wote wawili kwenye meza ya kahawa.

"Umepona, mama?"

"Nimepona, tunashukuru."

"Vizuri. Na Thika hawajambo?"

Reki ya kugeuzia kahawa ilisimama mikononi mwa mama. Homgadi akacheka kidogo, akaenda zake meza nyingine.

Hakutushtaki. Lakini tangu siku hiyo alikuja kula kwetu kila jioni bila kualikwa. Mama alimpakulia kwanza, kabla ya cucu, na sisi tukangoja kama atabakisha.