Dubu Wenye Nundu

Huwezi kuwashangaza watoto wa Karatu kwa tembo. Tembo wanamjua, ndiye anayemaliza mahindi ya baba zao. Kwa hiyo tulipofika kwenye somo la wanyama nikasema, ngoja niwaletee mnyama ambaye hapa hajawahi kufukuzwa shambani na mtu yeyote. Nikaenda steshenari kuchapisha picha ya dubu mweupe, nikaibandika ubaoni.

"Madam, huyu ni kondoo?"

"Kondoo gani ana makucha hayo, jamani!"

Basi wakanivamia kwa maswali. Anakula nini kama hakuna majani? Akilala juu ya barafu, tumbo halimuumi? Mengine sikuyajua, nami nikasema sijui, tutatafuta.

Darasa zima aliyenyamaza ni mmoja tu, binti wa wafugaji kutoka Ngorongoro. Ukame uliwamalizia ng'ombe, akaletwa kwa mama yake mdogo anayefanya usafi kwenye loji hapa mjini. Tangu aingie darasa la pili hakuwahi kutamka neno. Mwalimu mkuu alishanichosha: "Ijumaa nakuja kumsikiliza. Akinyamaza, anarudi darasa la awali." Iliniuma, maana nilikuwa nayaona macho ya yule mtoto. Alikuwa anaelewa kila kitu.

Kesho yake wakaleta udongo wa mfinyanzi kutoka korongoni, mimi nikaleta chokaa iliyobaki tulipopaka mawe ya njiani. Nikawaambia kila mtu afinyange dubu wake. Kumbe vidole vyao vimezoea ng'ombe tu! Nilipopita kukagua, kila dubu alikuwa na nundu mgongoni. Nilicheka hadi nikakaa chini.

"Dubu hana nundu, jamani!"

"Sasa mafuta yake anaweka wapi?" akauliza mmoja, kwa ubishi kabisa.

Hilo nalo lilikuwa swali. Nikawaambia mafuta yake yako chini ya ngozi, yamemzunguka mwili mzima, ndiyo maana baridi haimwingii. Hawakuniamini hata kidogo. Ikabidi nikanunue barafu kwa muuza juisi, niiweke kwenye beseni la maji, kisha nijaze mafuta ya kupikia ya mgando kati ya mifuko miwili ya plastiki. Mkono mmoja unaingia mtupu, mwingine ndani ya mifuko. Kelele zao zilisikika hadi ofisini.

Yule binti alipofikiwa na zamu aliiacha mikono yake humo muda mrefu kuliko wote, akiutazama huu, kisha ule. Akatabasamu. Kisha akarudi kwa dubu wake, akachukua kijiti na kumkata sikio pembeni, kama kwao wanavyowatia mifugo alama ili mnyama wa familia asipotee. Mimi nikajisemea, huyu dubu sasa ana mwenyewe.

Ijumaa mwalimu mkuu akaja, akasimama mbele na mikono nyuma. "Nani ana la kusema kuhusu mnyama huyu?" Vidole vikajaa hewani. Nikamwangalia yule binti. Kidole chake kilikuwa chini.

Mwenzake alikuwa ndiyo kwanza anaeleza kwamba siku hizi barafu ya huko inayeyuka, binti akasimama bila kuitwa, dubu wake mkononi.

"Ikiisha, wanahamia wapi?"

Sauti nzito kidogo, ya mtu aliyetoka kuamka. Darasa likageuka lote. Mwalimu mkuu akanitazama mimi. Nilitaka kupiga makofi, nilitaka kulia.

Akaona tumekaa kimya, akadhani hatujaelewa, akatueleza taratibu.

"Sisi majani yalipoisha, mimi nikaja kwa mama mdogo. Wao wana mama mdogo?"

Mwalimu mkuu akakohoa. "Huyu abaki hapa hapa," akaniambia, akatoka. Binti alikuwa bado amesimama, ananitazama, anasubiri jibu.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia.