Karani wa Misri Mwenye Sura ya Mke Wangu

Chekeni tu, jamaa zangu, maana Luzira nzima ilishacheka, na mimi hadi leo nikipita njia ile navuta kofia usoni.

Kazi yangu ni sanamu za saruji hapo Bwaise, simba wa geti hasa (Mkenya mimi, lakini mageti ya Kampala yananijua), basi Afande mmoja mstaafu, zamani karani wa jeshi, akanionyesha picha kwenye simu: sanamu ya jiwe ya Misri ya kale, karani amekunja miguu, karatasi mapajani, tumbo lina mikunjo ya shibe, na ubavuni nyani, ambaye kwa watu wale alikuwa mtakatifu, mlinzi wa waandishi.

"Fanya kama hiyo hiyo, fundi. Jumapili nafungua nyumba yangu hapa Luzira."

Nyani alitoka nyani kweli. Karani ndiye aliyenishinda, uso mkavu kama wa askari magereza, na Jumamosi jioni, nikimwaza Nekesa, mke wangu aliyekwenda kufanya kazi za ndani Uarabuni na sasa ni miezi simu haishiki, nikasema acha niuguse kidogo tu. Nikapaka saruji mbichi. Mashavu yakaja yenyewe, midomo ikaja, jamani, nikajikuta namsimulia habari za watoto.

Jumapili shuka likavutwa mbele ya wageni. Afande akainama kuitazama: "Banange, jamani! Fundi, karani yangu iko mwanamke?"

Watu wakaangua kicheko, simu juu, wanarekodi. Ningesema ndio mtindo wa Misri, yangekwisha. Badala yake nikasogea nimuage Nekesa wangu wa saruji, nikamshika shavu, na ile saruji ya jana, ambayo hata maji haijanyweshwa ikakomaa, ikabanduka uso mzima, nikabaki nao mikononi nalia kama mfiwa.

Video ilifika Uarabuni kabla mimi sijafika Bwaise. Kesho yake Nekesa akapiga, kwa simu ya kuazima.

"Baba Faith, umenibandua sura mbele ya watu?"

Tukacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema polepole, "Lakini yule si mimi tena. Nimekonda sana."

Nikamwambia rudi basi nikuone. Simu ikakatika.

Karani wa Afande nimemwekea sura ya mwanaume yeyote tu. Ya Nekesa, nimeapa, siigusi tena mpaka asimame mbele yangu.