Udongo wa Chini ya Mti Mama

Mama Miche alikuwa na kijiba cha roho, na asije mtu akakwambia vinginevyo. Miaka ishirini na mbili alikuwa akiotesha miche ya miti ya asili kwenye kitalu kilicho nyuma ya ofisi ya misitu, na miaka yote hiyo hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Ndipo akaajiriwa wifi yake, mdogo wa mumewe, tena kwa kuombewa na yeye mwenyewe. Akamfundisha kazi yote. Weee, laiti angejua!

Mwaka huo mti mkongwe, uliobaki peke yake wa aina yake katika msitu wa zamani, ulizaa baada ya miaka tisa bila tunda. Bwana misitu akagawa mbegu: arobaini kwa Mama Miche, arobaini kwa wifi. Msimamizi wa kitalu alikuwa anastaafu, na yule ambaye miche yake ingestawi zaidi hadi mvua zianze ndiye angekabidhiwa funguo.

Kwa wifi ikaota miche thelathini na minane. Kwa Mama Miche kumi na mmoja, nayo imepauka kama iliyotoka kuugua homa.

"Huyu dada ana mkono!" wenzao wakamsifu wifi.

Mama Miche akachekea mdomoni. Mkono gani? Kwani una vidole sita?

Siku moja wifi alipokwenda kula, Mama Miche akakiinamia kiriba chake kimoja, kifuko cha plastiki chenye mche, akafukua kwa kidole. Udongo mweusi, laini, wenye nyuzi nyeupe. Aliujua mara moja. Ulitoka chini ya mti mama, mwendo wa saa nzima kupanda kilima. Nyuzi zile ndizo zinazoilisha mizizi ya mti huo. Bila hizo mche haufiki mbali. Yeye ndiye aliyemfundisha wifi jambo hilo. Ila tangu magoti yaanze kumsumbua, mwenyewe alikuwa akizoa udongo wa kando ya barabara na kujidanganya kwamba ni uleule.

Badala ya kuona haya, akapandwa na hasira. Mbio hadi kwa bwana misitu.

"Bosi, njoo ujionee. Ukungu! Udongo huu usipochomwa leo, kitalu chote kimekwisha."

Nani angembishia mtu wa miaka ishirini na mbili? Bwana misitu akaamuru viriba vyote vya wifi vipasuliwe, udongo uchomwe, miche ihamishiwe kwenye udongo mwingine.

Wifi aliporudi akakuta kuni zimeshapangwa. Mama Miche alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, majibu yote yako mdomoni. Lakini wifi akachukua wembe, akapiga magoti, akaanza kupasua.

"Huna la kusema?" bwana misitu akamuuliza.

"Niseme nini? Wifi akisema ni ugonjwa, basi ni ugonjwa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Labda nilichota mahali pabaya." Machozi yakamdondoka.

Kiriba cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. Mama Miche akawaza miaka tisa mingine ya kungoja mbegu, na mti wenyewe ulivyozeeka. Jasho likamtoka.

"Acha!" akapiga kelele. "Si ukungu! Ni wivu. Wivu wangu mimi, mtu mzima ovyo!"

Bwana misitu hakungoja mvua; funguo akapewa wifi siku ileile. Kesho yake akashuka kilimani na kikapu cha udongo kichwani, akajaza viriba kumi na kimoja vya Mama Miche bila kumsuta hata kwa jicho. Hilo nalo likamuuma. Si angemtukana tu, yaishe!

Wiki tatu baadaye miche ile ikawa ya kijani kibichi. Mama Miche akaangaza huku na huku, akaona hakuna anayemtazama, akaipima kwa rula. Kisha akaenda kuipima ya wifi. Ilikuwa imeizidi yake kwa vidole viwili.

Akabetua mdomo, akachukua ndoo, akaimwagilia maji miche yote, yake na ya wifi. Alianza na yake.