Nilivyosugua bakuli la chai la Mama Fumiko kwa majivu (Birmingham, 1974)

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi, mwezi wa kumi. Ndipo nilipoligusa lile bakuli. Nina uhakika na saa kwa sababu kila kazi niliyofanya niliiandika kwenye daftari, na daftari ninalo hadi leo.

Wakuu, salaam. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sijayatia chumvi.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu Acocks Green. Mchana nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuyeyusha shaba kule Saltley. Jioni nilijisomea vitabu vya maktaba, somo moja kila mwezi.

Mwenye nyumba alikuwa Mjapani, mjane wa Mwingereza, wa umri wa mama yangu. Nilimwita Mama Fumiko, naye akaitika, ingawa hakuwa na mtoto.

Alikuwa mfinyanzi. Kwenye banda nyuma ya nyumba alifinyanga mabakuli ya chai kwa vidole tu, bila gurudumu. Chai yenyewe ni unga wa kijani, haina maziwa wala sukari, na bakuli linashikwa kwa mikono miwili.

Asubuhi za ukungu nilisimama dirishani nikiangalia chini. Banda lilikuwa kama linaelea, na taa yake humo ndani kama kiini cha yai. Mara nyingine nilichelewa basi kwa ajili ya kuangalia tu.

Sasa, tanuru lake lilikuwa limepasuka. Bila tanuru hakuna kazi, na matofali mapya ya kuhimili moto yalikuwa ghali. Akaamua kuuza bakuli la zamani alilofinyanga baba yake. Mnunuzi kutoka Sutton Coldfield alishaliona, akaahidi pauni sitini. Angekuja kulichukua Jumamosi hiyo, saa sita mchana.

Asubuhi Mama Fumiko alitoka kwenda dukani, nikaliangalia. Ndani lilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, zimeingia rangi: kahawia, waridi, kijani iliyozeeka.

Mimi niliona uchafu.

Kwetu Moshi, chombo cha mgeni husuguliwa kwa majivu mpaka ujione uso. Nikachota majivu kwenye meko ya kuotea moto sebuleni, nikayachekecha. Nikaliloweka bakuli kwenye maji ya moto na dawa ya madoa, nikasugua saa nzima na nusu.

Likatoka jeupe kama jino. Nikalifuta, nikalirudisha kwenye sanduku lake la mbao. Nilijivuna, wakuu, siwezi kuwaficha.

Mnunuzi alifungua sanduku, akaligeuza bakuli mara mbili, akalinusa.

"Hili silo nililoliona," akasema.

Mama Fumiko akachungulia ndani. Aliangalia mikono yangu, iliyokuwa bado na majivu kwenye kucha. Yule bwana akavaa kofia yake, akaondoka.

Jioni Mama Fumiko alinieleza jambo ambalo hakuna kitabu kilichowahi kuniambia. Bakuli la namna ile halimalizikii tanurini. Kila chai huacha rangi kidogo kwenye nyufa, na wanywaji ndio wanaoendeleza kazi ya mfinyanzi. Baba yake alilinywea miaka thelathini. Mimi nilimfuta kwa asubuhi moja.

"Ungeniuliza," aliniambia.

"Nilitaka kukusaidia, Mama."

"Unaosha kama mtu anayeficha ushahidi."

Baada ya hapo hakunisemesha siku nne. Chakula changu nilikikuta ngazini, kimefunikwa.

Kazini nilimsimulia fundi wetu Harbans, Singasinga wa Kisumu. Sisi wawili tuliongea Kiswahili siku zote.

"Umeosha bei yote, ndugu yangu, umebakisha udongo," akacheka. Aliponiona sicheki, akaacha. "Huyo mama anahitaji matofali mangapi?"

"Kama mia mbili."

"Na wewe msomi hujaona tunavunja tanuru la zamani hapa, matofali yanatupwa?"

Nilikuwa nimepita kando ya rundo lile wiki nzima.

Meneja aliruhusu. Alhamisi baada ya kazi Harbans aliazima gari la mizigo la shemeji yake, tukashusha matofali 212 bustanini. Nikaanza kuyabandua mabaki ya shaba kwa patasi, moja moja.

Mama Fumiko akatoka. Akaokota tofali, akaligonga kwa kidole, akasikiliza.

"Hili limepasuka. Weka pembeni."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Jumamosi.

Wiki tatu baadaye tanuru jipya liliwashwa. Alilitoa bakuli la kwanza kwa koleo ndefu likiwa jekundu lote, unaona hadi ndani yake, kama tunda lililoshikwa mbele ya jua. Lilipokutana na baridi likaanza kulia, ting, ting, polepole. Zilikuwa nyufa zinazaliwa. Harbans, aliyekuja kutusaidia, alivua glavu zake, sijui kwa nini.

Kisha Mama Fumiko akanawa, akaleta lile bakuli la baba yake, akakoroga chai humo, akanipa mimi kwanza.

"Kunywa. Umelirudisha mwanzo, basi lianze na wewe."

"Hutaliuza tena?"

"Kunywa, itapoa."

Nilikaa pale miaka mitatu zaidi, nikalinywea kila Jumamosi. Kuliosha ilikuwa kazi yangu: maji ya uvuguvugu, bila sabuni. Siku nahama, nyufa saba zilikuwa na rangi. Nilizihesabu.

Nilichojifunza: kabla hujakisafisha kitu cha mtu, muulize yeye anaona nini ndani yake. Aliyewahi kuharibu kwa nia njema aandike hapa chini, nitasoma yote.

Hesabu, kama ilivyo daftarini. Tulizopoteza kwa mnunuzi: pauni sitini. Gharama ya tanuru, yaani petroli na sambusa za Harbans: pauni moja na peni arobaini.