Fundi wa gesi asiyesikia harufu

Saa mbili asubuhi, nyuma ya yadi ya kukodisha magari ya kambi, fundi wa gesi amepiga magoti juu ya gunia. Mbele yake kuna jiko la kuchomea nyama. Kando yake kuna gari lenye vitanda na sinki ndani, na mteja wake ni mshonaji nguo anayetaka kusafiri na mumewe na watoto wao.

Fundi hajagusa spana. Anajifuta mikono, anainua uso.

"Mwanangu, kabla sijaanza nikwambie jambo. Mimi sisikii harufu."

Mshonaji anatabasamu. "Afadhali, mama. Basi haivuji."

"Sivyo. Inaweza kuvuja, harufu ikajaa hapa mpaka mbwa wakimbie. Mimi ndiye sisikii. Pua yangu ilishakufa."

Tabasamu linamtoka mshonaji. Anamtazama fundi, analitazama gari ambalo wanawe watalala ndani yake, kisha anarudi nyuma hatua moja. Fundi anamwacha arudi. Anasema amezoea, ingawa macho yake hayasemi hivyo.

Hapo yadini anaitwa Mama Povu. Siku hizi mtu akifoka huambiwa anatoa povu, kwa hiyo wageni wakilisikia jina hilo hujiandaa kwa matusi. Wanakutana na mama mpole wa miaka hamsini na kitu, mwenye ndoo ndogo ya maji ya sabuni na sponji. Kila anapounga mpira wa gesi, anapaka povu na kusubiri. Povu likitulia, salama. Likianza kuchemka kama uji, gesi inatoka.

Kazi alifundishwa na mjomba wake, muuza mitungi, mtu aliyekuwa akimwambia kwamba gesi haina undugu na mtu. Kazi anayoifanya zaidi sasa ni ya majiko haya. Wateja hawataki kubeba mtungi wa pili, wanataka jiko litumie gesi ya gari, kupitia tundu lililo ubavuni.

"Wanadhani ni kuchomeka tu," anasema. "Gesi ya gari imeshapita kwenye rigulata, imeshapunguzwa nguvu. Na jiko nalo lina rigulata yake. Ukiziacha zote mbili, moto unakuwa mgonjwa. Nyama unaiweka asubuhi, jioni bado inakuangalia."

Kwa hiyo huanza kwa kuhakikisha kwamba jiko linakubali nguvu ya gesi ya gari. Kisha huitoa rigulata ya jiko, huweka mpira unaofaa, hukaza, na kupaka povu.

Pua ilimpotea miaka sita iliyopita, baada ya mafua makali yaliyomlaza kitandani. Alipoinuka, chai ilikuwa maji ya moto tu. Alidhani ni uchovu, itapita.

"Siku moja nimekaa jikoni nachambua mchele. Jirani akaja mbio, anapiga kelele, 'Wewe, unaunguza nyumba?' Nageuka, maharage yamekuwa makaa! Moshi umetanda dari zima, na mimi nachambua mchele wangu kwa raha zangu."

Anacheka sana anapolisimulia hili. Lakini siku ile ndipo alipoelewa, na ndipo alipoamua kutomwambia mtu yeyote isipokuwa binti yake. Nani atamwajiri fundi wa gesi asiye na pua?

Kilichomsaidia kuficha ni lugha yenyewe. Sisi harufu tunaisikia. Mtu akimuuliza, "Fundi, unasikia harufu?" yeye hujibu, "Sisikii." Muulizaji anaelewa kwamba hakuna harufu, anaondoka ameridhika. Hakuna neno la uongo lililosemwa.

Mwanzoni mwa msimu huu, jibu hilo nusura limuue mtu.

Bwana harusi alikuja na mkewe kuchukua gari. Mama Povu alikuwa amemaliza kukaza mpira wa jiko lao, ameinama kuchukua ndoo. Bwana harusi akauliza, "Mama, wewe unasikia harufu yoyote? Mimi kama nasikia."

"Sisikii," akajibu bila kufikiri, kama alivyozoea.

"Aa, basi pua yangu tu." Kijana akatoa kiberiti cha gesi mfukoni.

Mama Povu hakumbuki alivyoruka. Anakumbuka mkono wa kijana ameushika kwa mikono yake miwili, na sauti yake mwenyewe ikipasua yadi: "Usiwashe!" Akafunga mtungi. Baadaye, gesi ilipotawanyika, akaufungua kidogo na kupaka povu kwenye maungio. Likachemka. Kipete cha mpira kilikuwa kimepasuka.

"Yule mtoto alinishukuru," anasema. "Alinishukuru mimi! Mkewe alikuwa amesimama pale na mikono ya hina. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikusema uongo, lakini ningewazika kwa ukweli wangu huo."

Hakulala vizuri siku kadhaa. Binti yake alimsihi anyamaze: "Mama, hakuna aliyeumia. Ukisema utafukuzwa, na kazi nyingine huipati kwa umri huo." Akaenda kwa bosi hata hivyo.

"Bosi, sina pua."

"Unayo, naiona."

"Haifanyi kazi."

Bosi, mtu mnene mwenye sauti ya juu, kwanza alicheka. Alipoona si mzaha, akakaa kitini. Alikasirika kwa sababu ya miaka yote ile, na Mama Povu anasema alikuwa na haki. Mwishowe akatoa masharti: fundi amwambie kila mteja kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye bosi aje kunusa baada ya povu. Mpaka mwisho wa msimu. Wateja wakikimbia, kila mtu na njia yake.

Baadhi wamekimbia kweli. Msimu umebakiza wiki chache, na leo mshonaji naye amesimama mbali, mkoba kifuani, mpaka fundi amemaliza kukaza mpira.

"Wewe mama ni mwema, naona," anasema. "Ila nina watoto. Aje mwenye pua anuse."

Bosi anaitwa. Anakuja polepole na leso mkononi. Anainama kwenye tundu la gari, anavuta pumzi, anakoroma. Anavuta tena. Uso unamwiva.

"Vipi?" anauliza mshonaji. "Unasikia?"

Bosi anapenga kamasi kwanza. "Nina mafua tangu juzi," anasema kwa sauti iliyoziba. "Leo na mimi sisikii."

Mshonaji anaangua kicheko, anacheka mpaka anashika ubavu wa gari.

"Jamani! Yadi nzima hakuna pua!" Anaweka mkoba chini na kukunja mikono ya gauni. "Lete hiyo sponji, mama. Nionyeshe."

Anapaka mwenyewe, ungio baada ya ungio, Mama Povu akimwelekeza kwa kidole. Wanasubiri. Povu linatulia, linakauka taratibu. Moto unapowashwa unatoka wa bluu, umesimama sawasawa. Mshonaji anatia saini ya kukodi gari.

Lilipotoka getini, bosi alikuwa bado amesimama pale, leso mkononi. "Tangu juzi nimenusa magari manne na pua hii," alisema. "Ningewaua watu, mama." Kisha, bila kumtazama: "Habari za mwisho wa msimu tuziache. Kaa kazini."

Mama Povu alilia. Hakujificha, alilia akisuuza ndoo yake.

Daktari hajamwahidi kwamba pua itarudi, na yeye ameacha kuisubiri. Anachoomba sasa ni kwamba kila gari litoke na chupa yake ya maji ya sabuni na sponji, na kila mteja apake povu mbele yake kabla ya kupewa funguo. Bosi amekubali kununua chupa.

"Huko waendako mimi sipo," anasema. "Jiko watalichomoa na kulichomeka wenyewe, watoto wamewazunguka wana njaa. Baba atamuuliza mama, 'Unasikia harufu?' Nataka yule mama asimjibu. Apake kwanza."